Je, Ulimi Una Pasipoti? Wanawake Waomba Hifadhi, Sheria za Ulaya na Lahaja Yetu ya Kibajuni

Mpenzi msomaji, nakuomba unifuate polepole katika somo hili. Wengine watauliza, mambo ya Ulaya yanatuhusu nini sisi wa kijijini hapa, tena katika gazeti la chama cha Kiswahili? Subiri kidogo. Ukifika mwisho utaona kwamba yanatuhusu, tena yanatuhusu kwa sababu ya Kiswahili chenyewe.

UTANGULIZI

Mwaka jana katika likizo ya Agosti nilikuwa nimeketi barazani na bibi yangu. Yeye alikuwa akisuka ukili wa mkeka, kama ilivyo kazi ya wanawake wengi wa hapa kwetu, nami nilikuwa nikimchania miyaa. Simu ikalia. Alikuwa ni shangazi yangu, binti ya nduguye bibi, ambaye yuko katika nchi moja ya Ulaya akiomba hifadhi. Bibi akaniambia, "Ipandishe sauti, mjukuu wangu, nami nisikie."

Shangazi alikuwa akilia. Alisema amekataliwa, na sababu ati ni lugha yake. Alipigiwa simu na mtu asiyemjua jina wala sura. Wakazungumza kama dakika ishirini hivi. Baada ya wiki kadhaa akapewa karatasi inayosema kwamba namna anavyosema ni ya Kenya, si ya Somalia. Yeye kazaliwa kisiwa cha Chula, upande wa Somalia. Lakini miaka ya nyuma, alipokuwa Mombasa na akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, aliambiwa kwamba yeye ni mtu wa Somalia, arudi kwao.

Bibi aliweka ukili chini akasema, "Sasa huyu ni wa wapi? Ni wa baharini?"

Sikuwa na jibu. Nilipofungua shule nilimuuliza mwalimu wetu wa Kiswahili na mwalimu wa Historia, nikasoma na vitabu nilivyovipata. Makala haya ndiyo jibu langu kwa bibi.

MANENO TUNAYOYACHANGANYA

Kwanza tuyaweke maneno mahali pake, manake hata redioni huchanganywa.

(a) Mhamiaji ni mtu yeyote anayetoka nchi yake kwenda kuishi nchi nyingine. Anaweza kufuata kazi, masomo au ndoa. Vijana wetu wanaokwenda Oman na Dubai kutafuta riziki ni wahamiaji.

(b) Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka kwa kuogopa kuteswa au kuuawa kwao, na ambaye serikali yake haimlindi.

(c) Mwomba hifadhi ni mtu aliyesema "mimi ni mkimbizi," lakini serikali ya nchi aliyoifikia bado haijakubali wala kukataa. Yuko katikati. Shangazi yangu ni huyu wa tatu.

Sheria kubwa ya jambo hili ni Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi, ulioongezewa Itifaki ya mwaka 1967. Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1966. Afrika nayo ina mkataba wake, ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao unamtambua pia mtu anayekimbia vita na machafuko. Sheria ya Ulaya haikuufuata mkataba wetu. Ulaya hutazama sana ule wa 1951.

Mkataba wa 1951 unataja sababu tano za kuteswa: rangi au kabila, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la jamii, na mawazo ya siasa. Hebu zihesabu tena. Je, umeona mahali palipotajwa mwanamke? Hapana. Walioandika walikuwa wakifikiria mtu aliyekimbia baada ya Vita Vikuu vya Pili, na mara nyingi mtu huyo katika mawazo yao alikuwa mwanamume: mwanasiasa, mwandishi, askari aliyeasi. Mwanamke anayekimbia kubakwa na wanamgambo, au kuozwa kwa nguvu, hakupata mstari wake.

MLANGO WA ULAYA NA WANAWAKE

Nchi za Ulaya zina kanuni zao za kuupunguza mlango. Mwaka 1990 zilitia sahihi mapatano mjini Dublin, yaliyoanza kutumika mwaka 1997. Shabaha yake ilikuwa kuamua nchi moja tu ya kushughulikia ombi, na mara nyingi huwa ni ile mtu aliyoingilia kwanza. Tangu mwaka 2003 alama za vidole za waomba hifadhi zimekuwa zikiwekwa katika mashine moja inayoitwa Eurodac, ili mtu asikataliwe huku akaombe kule. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mpya nyingi kwa pamoja, zilizopangwa kuanza kutumika mwaka 2026, na ndani yake mna uchunguzi wa haraka kwa baadhi ya watu pale pale mpakani.

Haraka hiyo ina shida yake kwa wanawake. Fikiria mwanamke wa kwetu, aliyelelewa kwa haya na sitara. Anawekwa mbele ya mwanamume asiyemjua, na mkalimani mwanamume, pengine na watoto wake wako hapo hapo. Anaulizwa, "Ulifanyiwa nini?" Kweli atasema yote siku ya kwanza? Atasema, "Walituvamia, tukakimbia." Yale mengine atayameza. Baada ya miezi, akipata mwanamke wa kumwamini, atayatoa. Hapo huweza kuambiwa, "Mbona hukuyasema mwanzo? Umeyatunga."

Tena wanawake wengi huandikwa chini ya ombi la mume. Ombi la mume likianguka, nalo lao huanguka, hata kama mwanamke ana hofu yake mwenyewe ambayo hakuna aliyemuuliza.

Haya siyo mapya, na wako waliojitahidi kuyarekebisha. Mwaka 1991 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitoa mwongozo wa kuwalinda wanawake wakimbizi. Mwaka 1993 Kanada ilitoa mwongozo wake wa kusikiliza maombi ya wanawake. Mwaka 1999 mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, yaani Baraza la Malodi, iliamua katika kesi ya wanawake wawili wa Pakistani, Islam na Shah, kwamba wanawake wa nchi ile wangeweza kuhesabiwa kuwa "kundi fulani la jamii," ile sababu ya nne. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 ilisema mwomba hifadhi akitaka ahojiwe na mtu wa jinsia yake, na atimiziwe kadiri iwezekanavyo. Na mnamo Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba wanawake wote wa nchi fulani wanaweza kuwa kundi hilo, wakiwa wanateswa kwa kuwa ni wanawake.

Hata hivyo, sheria nzuri haitoshi kama mtu hajaaminiwa kwamba anatoka anakosema. Ukishaambiwa "wewe si wa Somalia," hayo mengine yote hayasikilizwi tena. Hapa ndipo ulimi unapoingia.

WABAJUNI NA MSTARI ULIOCHORWA

Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, ni watu wa bahari. Makao yao yanaanzia huku kwetu: Faza, Kizingitini, Mbwajumwali, Ndau, Kiwayu, Mkokoni, Kiunga. Yanaendelea kaskazini hadi visiwa vya Chula, Chovai, Koyama na Ngumi, mpaka Kismayu. Bibi yangu kazaliwa Kizingitini, akaolewa hapa Kipungani. Nduguye alioa Chula. Zamani hakuna aliyeona ajabu. Pepo zikikubali mtu alitweka tanga akaenda, akavua, akaoa, akarudi au asirudi.

Sasa sikiliza mambo ya mpaka. Jimbo la Juba, pamoja na Kismayu na visiwa vile, lilikuwa chini ya Waingereza na lilihesabiwa kuwa sehemu ya Kenya. Mwaka 1924 Uingereza na Italia zilitia sahihi mapatano, na mwaka 1925 Waingereza wakawapa Waitalia jimbo lile. Mpaka ukasogea kutoka mto Juba ukaja Ras Kiamboni, karibu na Kiunga. Wabajuni hawakuulizwa. Walilala upande mmoja wakaamka wamegawanywa, huyu mtu wa Mwingereza na yule mtu wa Mwitalia.

Kwa hiyo, msomaji, ule mstari ambao shangazi anaambiwa aonyeshe yuko upande gani haukuchorwa na mababu zake. Ulichorwa na Wazungu wawili waliopatana. Na leo ofisi ya Ulaya inamwambia mwanamke wa Chula, "Tuthibitishie kwa ulimi wako kwamba unatoka upande huu wa mstari." Jambo hili likanishangaza sana nilipolielewa.

Na kukimbia si jambo geni kwa Wabajuni. Katika vita vya Shifta vya miaka ya 1960, watu wa vijiji vya bara upande wa Kiunga walihama, wengine visiwani, wengine Lamu, Malindi na Mombasa. Halafu Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Wabajuni wa Somalia walikuwa wachache na hawakuwa na silaha. Wanamgambo waliingia visiwani, wakapora mashua na nyavu, na wanawake wakadhulumiwa. Watu wakapanda majahazi wakaja Kenya.

Shangazi alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Alikuja na mamake katika jahazi lililojaa mpaka maji yakikaribia ukingo. Wabajuni wengi waliwekwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Akakulia hapo, akicheza na kusema na watoto wa Mombasa. Baadaye katika miaka hiyo ya 1990 kambi za pwani zilifungwa, na Wabajuni wengi wakarudishwa visiwani. Shangazi alirudi Chula akiwa na miaka tisa. Huko akakua, akaolewa. Vita havikwisha. Mumewe alipofariki alitoroka tena na watoto wawili, akarudi Mombasa, na hakuwa na karatasi hata moja. Kutoka Mombasa ndipo safari ya Ulaya ilipoanza.

Basi nikuulize: ulimi wa mtu kama huyu utasema anatoka wapi?

LUGHA KAMA SHAHIDI

Mtu asipokuwa na pasipoti wala cheti cha kuzaliwa, serikali hutafuta njia nyingine ya kujua anatoka wapi. Njia moja ni kuisikiliza lugha yake. Tangu miaka ya 1990 nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa zikitumia watu wa kuchambua usemi. Mtu hunaswa sauti, mara nyingi kwa simu, na mchambuzi huandika ripoti: huyu anasema kama watu wa mahali fulani. Kampuni moja iliyojulikana sana kwa kazi hii inaitwa Sprakab, ya Uswidi. Wachambuzi wake hawakuwa wakitajwa majina katika ripoti zao. Walitambulishwa kwa alama tu.

Wabajuni walikutana na jambo hili hasa Uingereza, ambako wengi waliomba hifadhi. Wengine waliulizwa maswali juu ya visiwa, koo, samaki na desturi. Mwaka 2004 baraza la rufani la Uingereza lilieleza kwamba kujua Kibajuni ni jambo moja tu. Ni lazima pia kutazama maisha ya mtu yalivyokwenda, na ujuzi wake wa maisha ya Wabajuni. Mwaka 2010 ikaja kesi ya mwanamke aliyesema yeye ni Mbajuni wa Somalia. Ripoti ya Sprakab ilisema usemi wake ni wa Kenya, na baraza likaipa ripoti ile uzito mkubwa. Alikata rufani, na mwaka 2012 akashindwa tena.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mnamo Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya watu wengine wawili waliosema wanatoka Somalia, iliweka mipaka. Ilisema ripoti za namna hii zinaweza kutumika, lakini zisipewe heshima ya pekee kana kwamba haziwezi kukosea. Mchambuzi wa lugha aseme juu ya lugha tu. Asijitie kuamua kama mtu anasema kweli au uongo katika mambo mengine. Na kila ripoti ni lazima ionyeshe imefikaje pale ilipofika.

Wataalamu wa lugha wenyewe walikuwa wamekwisha kuonya. Mwaka 2004 wanaisimu 19 kutoka mabara mbalimbali walitoa mwongozo wao. Kiini chake ni rahisi, na nakuomba ukishike hata ukisahau mengine yote: lugha inaweza kuonyesha mtu alilelewa na kuchanganyikana na watu gani, lakini haiwezi kuonyesha yeye ni raia wa nchi gani. Uraia ni jambo la serikali. Usemi ni jambo la mama, jirani na mchezo wa utotoni.

TUANGALIE LAHAJA ZETU

Sisi wanachama wa Kiswahili jambo hili tunaweza kulipima wenyewe. Chukua maneno haya. Kiswahili sanifu: maji, moja, mchele, jicho, njoo. Kiamu: mai, moya, mtele, ito, ndoo. Sasa Kibajuni. Mtu huwa mchu, watu huwa wachu, tatu huwa chachu. Ukimsikia bibi yangu akizungumza na wenzake wa Kizingitini, ile "ch" yake utaijua tu.

Lakini je, bibi husema hivyo na kila mtu? La. Nilimchunguza kwa wiki nzima bila yeye kujua (anisamehe). Akisema na dadake kwa simu, ni Kibajuni kitupu. Akisema na jirani wa hapa Kipungani, anachanganya na Kiamu. Alipokuja daktari kutoka Nairobi, bibi alijitahidi kusema Kiswahili cha redioni, "mtu" na "maji," na Kibajuni chake chote akakificha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mgeni humsemeza kwa lugha atakayoifahamu. Ndiyo adabu."

Na mimi ndivyo nilivyo. Nyumbani nasema "mai," darasani nasema "maji," la sivyo mwalimu atanikosoa kwa kalamu nyekundu. Miaka yote ya shule tumefunzwa kwamba kwa mtu mkubwa na mgeni, sema sanifu.

Sasa rudi kwa shangazi. Simu inalia. Upande wa pili yuko mtu asiyemjua, mwanamume, anayesema Kiswahili cha mjini, na maisha yake na watoto wake yako mikononi mwa mtu huyo. Atamsemeza kwa lugha gani? Atamsemeza kwa adabu! Atasema "mtu" na "maji" kwa heshima. Na heshima hiyo ndiyo inayoandikwa kuwa ushahidi kwamba yeye ni wa Kenya. Juu ya hayo ongeza miaka sita ya Jomvu. Mchambuzi pengine hakukosea alipoisikia Mombasa katika sauti yake. Mombasa imo kweli. Kosa ni kudhani kwamba aliye na Mombasa ulimini hakuzaliwa Chula.

Na kwa mwanamke mambo huzidi ugumu. Mwanamume wa visiwani amesafiri, anajua majina ya visiwa vyote, pepo, nyavu na masoko ya samaki mpaka Kismayu. Mwanamke wa Chula anajua kisima chake, nyumba ya mamake, nyimbo za harusi, dawa za mtoto na namna ya kupika. Ukimuuliza maswali ya nahodha atashindwa, kisha utasema hatoki huko. Bibi yangu mwenyewe, aliyezaliwa Kizingitini, nilimuuliza majina ya visiwa vilivyoko kati ya Kiwayu na Kismayu. Alitaja vitatu akacheka: "Muulize babu yako, mimi nilikuwa jikoni." Je, bibi si Mbajuni? Mwanamke pia huolewa mbali, akafuata usemi wa watu wa mumewe, hata watoto wake wakasema tofauti naye.

UPANDE WA PILI WA JAMBO

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno, lakini pia pana wengi wa kila namna. Tusiwe wa kulaumu tu. Si kila anayesema "mimi ni mkimbizi" husema kweli. Wako Wakenya waliojifanya ni watu wa Somalia ili wapate makaratasi ya Ulaya, na hao wamewafungia mlango wale wenye haki. Serikali ina haki ya kuuliza. Kuuliza si dhuluma. Dhuluma ni kuuliza vibaya, kisha kumhukumu mtu kwa jibu la swali baya.

Wala tusidhani ni Wazungu peke yao. Mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya wanawake Wasomali waliobakwa katika kambi za wakimbizi hapa hapa Kenya, Mkoa wa Kaskazini Mashariki, wengi wao walipokwenda kutafuta kuni. Na kwa miaka mingi vijana wa sehemu za mipakani, ndani ya Kenya yetu, walifanyiwa uchunguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Shangazi alikataliwa Mombasa kabla ya kukataliwa Ulaya. Nyani haoni kundule.

TUFANYE NINI?

Najua mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na siwezi kumwamuru waziri wa Ulaya. Lakini chama chetu kinaweza kufanya mambo haya:

1. Tuandike lahaja zetu. Mtu anayeamua habari ya Mbajuni huko mbali hutegemea kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni kidogo, na si wengi wetu wenyewe walioshiriki kuandika. Kila mwanachama amchukue mzee mmoja nyumbani aandike maneno yake.

2. Tuandike maneno ya wanawake hasa: ya jikoni, ya uzazi, ya harusi, ya kusuka. Hayo ndiyo mwanamke anayoyajua, na hayo ndiyo angepaswa kuulizwa.

3. Tuache kucheka lahaja za wenzetu darasani. Anayefunzwa kuona haya kusema "mchu" atakificha Kibajuni chake siku ambayo angehitaji kukitoa.

4. Wenye jamaa walioko ugenini tuwaambie: ukihojiwa, sema kwa lugha ya nyumbani kwenu, si ya adabu. Omba mkalimani wa lahaja yako. Ukiwa mwanamke, una haki ya kuomba uhojiwe na mwanamke. Na eleza mapema ulikolelewa, kambi uliyokaa na miaka uliyokaa, ili ulimi wako na hadithi yako visipingane.

HITIMISHO

Nilipomaliza kuandika nilimsomea bibi makala haya kutoka mwanzo. Alisikiliza kimya, ukili mkononi. Nilipofika pale pa mpaka wa 1925 alitikisa kichwa. Mwishoni nikamwambia, "Bibi, jibu langu ni hili: shangazi ni mtu wa Chula aliyelelewa Jomvu, na ulimi wake unasema yote mawili. Hausemi uongo."

Bibi akasema, "Mchu ni mchu. Waandikie hivyo."

Kesi ya shangazi haijakwisha. Amekata rufani, na mwanasheria wake ameomba lugha yake isikilizwe tena, safari hii na mtu anayekijua Kibajuni. Sisi hapa tumeanza kazi yetu. Mimi na bibi tumekwisha kuandika maneno 63 katika daftari la hesabu lililobakia kurasa, na kila Ijumaa jioni tunaongeza. Shangazi akipiga simu, bibi humsemeza Kibajuni tu, naye hujibu. Mwanzo alikuwa akisitasita. Sasa anasema vizuri.

MSAMIATI

Ukili: ukanda wa miyaa iliyosukwa, unaoshonwa ukawa mkeka.
Miyaa: majani ya mkoma yaliyokaushwa ya kusukia.
Hifadhi: ulinzi anaopewa mkimbizi na nchi ya kigeni.
Rufani: kupeleka kesi mbele ya mahakama iliyo juu zaidi.
Lahaja: namna ya kusema lugha moja inayohusu mahali fulani.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mhamiaji, mkimbizi na mwomba hifadhi. Toa mfano mmoja wa kila mmoja.
2. Taja sababu tano za Mkataba wa 1951. Je, ungeongeza ya sita? Ipi, na kwa nini?
3. "Lugha huonyesha ulikolelewa, haionyeshi uraia wako." Jadili kwa kutumia mfano wa mtu unayemjua kijijini kwako.
4. Muulize bibi au mama yako maneno kumi ambayo hayasemwi hivyo shuleni. Yalete kwenye mkutano wa chama, na uyaandike kwa majina ya vitu, si kwa Kiswahili cha kitabuni.